JKIA ni ya nani? Tofauti kati ya kuuza, kukopa na kukabidhi uendeshaji

Kati ya Julai na Novemba 2024, Wakenya walibishana vikali kuhusu Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Jomo Kenyatta, ule unaojulikana kwa kifupi kama JKIA, huku kila upande ukitumia maneno yake. Palikuwa na waliosema uwanja umeuzwa kwa kampuni ya Adani kutoka India, palikuwa na waliosema umekodishwa kwa miaka 30, na serikali kwa upande wake ilisisitiza kwamba uwanja hauuzwi na kwamba kinachotafutwa ni mwekezaji wa kuupanua. Mpango wenyewe ulifutwa tarehe 21 Novemba 2024, lakini mkanganyiko haukufutwa pamoja nao. Kila paa linapovuja, kila umeme unapokatika na kila mpango mpya wa upanuzi unapotajwa, mabishano yale yale hurejea, na kwa kawaida wanaobishana huwa wanazungumzia vitu tofauti bila kujua.

Ili kuyafumbua haya ni lazima kwanza tukubaliane uwanja wa ndege ni nini. Abiria huona jengo, foleni na ndege, akadhani yote hayo yana mwenyewe mmoja. Ukweli ni kwamba uwanja mkubwa wa ndege ni mkusanyiko wa shughuli nyingi zilizowekwa mahali pamoja, kila moja ikiwa na msimamizi wake, sheria yake na mfuko wake wa fedha. Ardhi na majengo ya JKIA, njia ya kurukia na kutulia ndege, pamoja na maegesho ya ndege, viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya, yaani KAA, shirika la umma lililoundwa mwaka 1991. KAA ndiyo pia inayosimamia Uwanja wa Moi kule Mombasa, uwanja wa Wilson ulioko Nairobi kwenyewe, na viwanja vingine kadhaa nchini, vingi vikiwa havina mapato ya kujitosheleza. Jambo hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, na tutalirudia.

Wanaoongoza ndege kutoka kwenye mnara, wakimwambia rubani lini atue na lini asubiri, si wafanyakazi wa KAA. Wao ni wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, KCAA, ambayo pia hutoa leseni kwa marubani na kukagua usalama wa ndege. Shirika la Kenya Airways, maarufu kama KQ, ni mteja wa uwanja. Ni mteja mkubwa kuliko wote, lakini ni mteja tu, anayelipa ada za kutua na kuegesha kama mashirika mengine yanavyolipa. KQ yenyewe si mali ya serikali peke yake: ilibinafsishwa mwaka 1996, na baada ya madeni yake kupangwa upya mwaka 2017 serikali ilibaki na asilimia 48.9 ya hisa, kundi la mabenki yaliyokuwa yakiidai likapata sehemu kubwa ya zilizosalia, na KLM ya Uholanzi ikabaki na chini ya asilimia 8. KQ iliwahi kuomba ipewe JKIA iiendeshe, na mwaka 2019 kamati ya bunge ikalikataa ombi hilo. Kwa hiyo anayesema kwamba uwanja ni wa KQ, au kwamba hasara za KQ ni hasara za uwanja, anachanganya mpangaji na mwenye nyumba.

Kisha wapo polisi wa kitengo cha viwanja vya ndege, maafisa wa uhamiaji, watu wa forodha walio chini ya Mamlaka ya Mapato, na maafisa wa afya wanaokagua vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Hao wote ni serikali, ila kila mmoja ana bosi wake. Baada yao yanakuja makampuni binafsi: yanayopakia na kupakua mizigo, yanayopika chakula cha ndegeni, yanayoendesha maduka, yanayohifadhi maua kwenye maghala ya baridi kabla hayajasafirishwa kwenda Ulaya. Swissport, kwa mfano, ni kampuni ya Uswisi na imekuwa ikihudumia ndege na mizigo Nairobi kwa miaka mingi. Hofu kwamba mgeni ataingia uwanjani na kufanya biashara imekuja kwa kuchelewa, kwa kuwa wageni wako ndani tayari, na wengine tumewazoea hata hatuwaoni. Kilichozua ubishi mwaka 2024 kilikuwa kikubwa kuliko kaunta ya mizigo: nani atashika uendeshaji wa uwanja wote kwa ujumla wake.

Swali la kwa nini mtu wa nje alihitajika hata kidogo lina jibu lake katika historia. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, wakati wa ukoloni, na sehemu ya kazi ya kuujenga ilifanywa na wafungwa wa Mau Mau waliokuwa wameshikiliwa katika kambi ya Embakasi. Kwa Wakenya wengi ukweli huo huipa kauli ya "mali ya umma" uzito usiopatikana kwenye vitabu vya sheria. Machi 1978 kilifunguliwa kituo kipya cha abiria upande wa pili wa njia ya ndege, na Rais Jomo Kenyatta alipofariki Agosti mwaka huo, uwanja ukapewa jina lake. Majengo hayo ya 1978 yalisanifiwa kuhudumia abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Leo idadi ya abiria wa JKIA ni karibu mara tatu ya hiyo au zaidi, na ingawa majengo yameongezwa na kukarabatiwa mara kadhaa, mifupa yake ni ile ile. Mwezi Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa abiria wa kimataifa wanaowasili, na kwa muda watu walipokelewa kwenye mahema. Miezi michache baadaye ulizinduliwa mradi wa kituo kikubwa kipya kilichoitwa Greenfield, uliokabidhiwa makampuni ya Kichina kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 600, na mwaka 2016 KAA ikauvunja mkataba huo kabla jengo halijasimama.

Tangu hapo uwanja umekuwa ukiendeshwa kwa viraka, na anayepinga wawekezaji wa nje bila kusema fedha za kujenga zitatoka wapi anaacha nusu ya hoja yake nyumbani. Vivyo hivyo anayewatetea bila kusema watalipwa na nani.

Sasa tufike kwenye maneno yenyewe. Serikali yoyote inayotaka kupanua uwanja kwa fedha ambazo haina ina njia nne hivi, na zinatofautiana sana ingawa mitaani zote huitwa kuuza.

Chukulia mama mwenye ploti mjini asiye na fedha za kujenga. Anaweza kwenda benki, akakopa, akajenga mwenyewe na kukusanya kodi ya nyumba mwenyewe huku akilipa deni kila mwezi. Anaweza kumwajiri mjenzi, akamlipa kwa kazi, mjenzi akaondoka. Anaweza kuiuza ploti kabisa na kuondoka na fedha zake. Au anaweza kukubaliana na mtu mwenye fedha kwamba huyo ajenge magorofa kwa gharama yake, akusanye kodi ya wapangaji kwa miaka 30, ampe mama kiasi fulani kila mwaka, na baada ya miaka hiyo majengo yote yarudi kwa mama bila malipo. Katika njia hii ya nne mama hajauza kitu: hati ya ardhi bado ina jina lake. Lakini kwa miaka 30 si yeye anayepanga kodi, si yeye anayeamua nani awe mlinzi, na akifariki mwaka wa kumi ni watoto wake watakaobaki na makubaliano hayo.

Njia hiyo ya nne ndiyo tutakayoiita hapa mkataba wa uendeshaji. Na ndiyo Adani aliyoipendekeza kwa JKIA: kuwekeza dola bilioni 1.85, takriban shilingi bilioni 240 za Kenya kwa kiwango cha wakati huo, kujenga kituo kipya cha abiria na njia ya pili ya kurukia ndege, kuuendesha uwanja kwa miaka 30, kisha kuurudisha. Kwa lugha ya sheria hapo hapana mauzo. Hata kama pangekuwa na nia ya kumpa mgeni ardhi, Katiba ya Kenya katika kifungu cha 65 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja. Kinampa ukodishaji usiozidi miaka 99. Kwa hiyo aliyesema uwanja umeuzwa alikosea kisheria. Hata hivyo sidhani alikosea sana kimaisha, kwa sababu kwa kijana aliyeanza kazi uwanjani akiwa na miaka 25, miaka 30 chini ya mwajiri mwingine ndiyo maisha yake yote ya kazi, na kumwambia kwamba hati ya ardhi haijabadilika jina hakumpi jibu la swali lake.

Majirani wamepitia mkanganyiko huu huu kwa sura nyingine. Nchini Uganda, mwaka 2021, ilienea habari kwamba China imeutwaa uwanja wa Entebbe. Kilichokuwapo kilikuwa mkopo wa takriban dola milioni 200 uliochukuliwa mwaka 2015 kutoka benki ya serikali ya China, wenye masharti mazito juu ya mapato ya uwanja na juu ya nani anayesuluhisha migogoro. Uwanja haukutwaliwa, na serikali ya Uganda ilikanusha. Hiyo ilikuwa njia ya kwanza kati ya zile nne, yaani kukopa, na hatari ya mkopo huwa kwenye masharti ya dhamana wala si kwenye uendeshaji. Tanzania, mwaka 2023, iliwaka moto wa maneno kuhusu bandari ya Dar es Salaam na kampuni ya DP World ya Dubai, na hapo pia neno kuuzwa lilitawala, ilhali kilichosainiwa Oktoba mwaka huo kilikuwa mkataba wa uendeshaji wa gati namba 4 hadi 7 kwa miaka 30. Ukitaka mfano wa kuuza kwa maana halisi, itabidi uende Uingereza, ambako shirika la umma lililokuwa likimiliki Heathrow na viwanja vingine liliuzwa kwenye soko la hisa mwaka 1987, na leo Heathrow ni mali ya wawekezaji binafsi, miongoni mwao mifuko ya uwekezaji ya mataifa ya Ghuba. Upande mwingine wa dunia ya fedha, uwanja wa Atlanta nchini Marekani, ambao kwa miaka mingi umeongoza duniani kwa idadi ya abiria, ni mali ya jiji lenyewe. Anayedai kwamba uwanja wa umma hauwezi kufanikiwa, na anayedai kwamba uwanja wa binafsi lazima uharibike, wote wawili wana mifano ya kuwapinga.

Kama mkataba wa uendeshaji ni jambo la kawaida hivi, mbona ule wa JKIA ulizua zogo? Jibu fupi ni kwamba tatizo kubwa halikuwa aina ya mkataba. Lilikuwa namna ulivyokuja.

Kwa kawaida, shirika la umma linapotaka kazi kubwa hutangaza zabuni, makampuni yanashindana, na anayetoa masharti bora hushinda. Sheria ya Kenya ya mwaka 2021 kuhusu ubia kati ya serikali na sekta binafsi inaruhusu pia mlango wa pili: mwekezaji kuja mwenyewe na pendekezo ambalo hakuna aliyemwomba, na serikali kulipima. Mlango huo haukuwekwa kwa ubaya. Unaruhusu mtu mwenye wazo ambalo serikali haikulifikiria kulileta mezani. Lakini mlango huo una upungufu wake wa asili: pasipo mshindani, hakuna anayejua kama dola bilioni 1.85 na miaka 30 ni bei nzuri au mbaya, kwa sababu hakuna bei ya pili ya kulinganisha. Pendekezo la Adani lilipitia mlango huo Machi 2024, na umma ukalifahamu Julai kupitia nyaraka zilizosambazwa mitandaoni na mfichuaji, wala si kupitia tangazo la serikali. Hapo ndipo mjadala ulipoharibika, maana mtu anayesoma mkataba wa nyumbani kwake kwa mara ya kwanza kwenye simu ya jirani huwa hana moyo wa kusikiliza ufafanuzi.

Chama cha Wanasheria cha Kenya na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo licha ya jina lake ni shirika la kiraia, walienda mahakamani, na tarehe 9 Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasimamisha mpango kwa muda. Hoja zao ziligusa Katiba mahali pawili. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 227 kinataka manunuzi ya umma yawe ya haki, ya usawa, ya uwazi, ya ushindani na yenye gharama nafuu. Siku mbili baadaye wafanyakazi wa uwanja wakagoma, ndege zikakwama, abiria wakalala kwenye sakafu na nje ya milango, na mgomo ukamalizwa jioni hiyo hiyo kwa makubaliano kwamba chama chao kitapewa nyaraka za mpango huo. Mwishowe, Novemba, waendesha mashtaka nchini Marekani walimshtaki Gautam Adani, mwenyekiti wa kundi la makampuni ya Adani, kwa madai ya rushwa kwenye miradi ya umeme wa jua nchini India, madai ambayo kundi lake limeyakanusha, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza bungeni kwamba mpango wa uwanja umefutwa, pamoja na mwingine wa njia za kusafirisha umeme.

Hapa kuna hadithi mbili zisizo sahihi ambazo bado zinasikika. Ya kwanza ni kwamba Kenya ilivunja mkataba na sasa itadaiwa fidia kubwa kwa uwanja. Mkataba wa mwisho wa uwanja haukuwa umesainiwa. Kilichofutwa kilikuwa mchakato. Hadithi ya pili inasema mahakama iliamua kwamba uwanja hauwezi kamwe kukabidhiwa mwekezaji binafsi. Amri ya Septemba ilikuwa ya kusimamisha kwa muda hadi kesi isikilizwe, na haikuwa uamuzi juu ya kila mkataba wa uendeshaji utakaoletwa siku zijazo. Mlango uko pale pale, pamoja na upungufu wake.

Tugeukie sasa njia ya pili ya kurukia ndege, ambayo wapo walioiona kama kisingizio na wapo walioiona kama dawa ya kila ugonjwa wa JKIA. Uwanja una njia moja tu, yenye urefu wa mita 4,117. Ni ndefu kwa makusudi. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani. Hewa nyepesi huipa bawa nguvu ndogo ya kuinua na huipa injini pumzi ndogo, hivyo ndege iliyojaa lazima ikimbie mbali zaidi kabla ya kuacha ardhi, au ipunguze mzigo. Joto la mchana huongeza ugumu huo. Safari ya KQ kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, ni ya karibu kilomita 12,000 na huchukua takriban saa 15, na kwa ndege inayoondoka na mafuta ya safari kama hiyo, ubaridi wa usiku ni msaada wa kweli. Njia ya pili haibadilishi lolote katika hayo, kwa kuwa hewa ya Embakasi itabaki kuwa hewa ya Embakasi.

Je, njia moja inatosha kwa idadi ya abiria? Watu wengi wataona ajabu, lakini kwa hesabu ya abiria peke yake inatosha, na inatosha kwa muda mrefu ujao. Uwanja wa Gatwick, karibu na London, hutumia njia moja kwa wakati mmoja, na mwaka 2019 ulipitisha zaidi ya abiria milioni 46. JKIA hupitisha karibu milioni 8. Tofauti hiyo haitokani na njia ya ndege. Inatokana na majengo, mageti, njia za ndege kutoka na kuingia kwenye maegesho, mashine za ukaguzi, ukubwa wa ndege zinazotumika na mpangilio wa ratiba. Foleni inayomchosha abiria wa Nairobi iko ndani ya jengo na barabarani kwenye lango la ukaguzi wa magari. Ukimjengea njia ya pili bila kugusa hayo, atasimama kwenye foleni ile ile akiangalia lami mpya dirishani.

Sababu nzito ya kutaka njia ya pili ni nyingine kabisa. Ndege moja ikipasukiwa matairi katikati ya njia iliyopo, uwanja wote unasimama hadi iondolewe, na ndege zilizo angani zinaelekezwa Mombasa, Eldoret, Kilimanjaro au Entebbe. Hata ukarabati wa lami lazima ufanywe usiku kwa vipande, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kupeleka ndege. Kwa nchi ambayo maua yake hunyauka kwa saa na ambayo shirika lake la ndege linaishi kwa kuunganisha abiria kutoka safari moja hadi nyingine, kufungwa kwa saa kadhaa ni hasara inayosambaa kwa siku mbili au tatu. Njia ya pili ni bima. Na bima ina swali lake: inagharimu kiasi gani, na je, kabla ya kuinunua tumeshaziba paa? Maoni yangu ni kwamba mwaka 2024 kitu cha dharura, yaani jengo, na kitu cha tahadhari, yaani njia ya pili, vilifungwa kwenye kifurushi kimoja, na kifurushi kikubwa huhalalisha miaka mingi.

Hiyo miaka ndiyo mahali ambapo mikataba ya uendeshaji huvunjikia. Lagos, Nigeria, ina kituo cha abiria cha ndani kilichojengwa na kampuni binafsi ya Bi-Courtney na kufunguliwa mwaka 2007 kwa mtindo huu huu wa kujenga, kuendesha na kurudisha. Jengo lilifanya kazi vizuri. Lakini kampuni imeshikilia kwamba ilipewa miaka 36, huku upande wa serikali ukisema ni 12, na mgogoro umeendelea kwa miaka mingi mahakamani na ofisini. Kama pande mbili zilizosaini karatasi moja zinaweza kutofautiana kwa miaka 24, basi mwananchi ana haki ya kuuliza mkataba unaanza kuhesabiwa lini: siku ya kusaini, siku ya kuanza ujenzi, au siku ya abiria wa kwanza.

Linalofuata miaka ni mgawanyo wa mapato, na hapa ndipo ile habari ya viwanja vidogo inaporudi. Uwanja una mapato ya aina mbili. Kuna ya ndege, yaani ada za kutua, kuegesha na ada ya kila abiria, na kuna ya biashara, kama vile kodi za maduka, maegesho ya magari, matangazo na maghala. Ya kwanza hudhibitiwa kwa sababu shirika la ndege halina pengine pa kutua Nairobi. Ya pili huachwa zaidi kwa soko, na kwa mwekezaji huko ndiko kwenye utamu. JKIA ndiyo mgongo wa mapato ya KAA, na fedha zake husaidia kuendesha viwanja ambavyo havijiwezi. Mkataba wowote unaoutoa mgongo huo nje ya KAA lazima useme viwanja vya miji midogo vitaishi kwa nini. Katika zogo lote la 2024 swali hili lilisikika kwa sauti ndogo mno, labda kwa sababu halina adui wa kumtaja kwa jina.

Pia upo udhibiti ambao hautolewi kwa mkataba wowote. Mwekezaji akiendesha majengo, bado mnara ungebaki kwa KCAA, pasipoti zingegongwa na maafisa wa uhamiaji wa Kenya, na forodha ingebaki kwa Mamlaka ya Mapato. Hofu kwamba kampuni ya kigeni ingeamua nani aingie nchini haikuwa na msingi. Hofu ya wafanyakazi ilikuwa na msingi zaidi, kwa kuwa ajira za KAA, masharti yao na pensheni zao ni miongoni mwa vitu vinavyohama pamoja na uendeshaji, isipokuwa mkataba utamke vinginevyo kwa maneno yasiyo na shaka.

Mpango wa Adani ulipofutwa, gharama ya kujenga haikufutika. Imebaki kwenye njia zile zile: bajeti ya serikali, mkopo, hati fungani zinazotegemea mapato ya uwanja, au mwekezaji mwingine aliyepatikana kwa ushindani. Wapo wanaodhani kwamba katika njia ya mkopo analipa serikali, na katika njia ya mwekezaji analipa mwekezaji. Mkopo hulipwa na mlipa kodi, pamoja na mkulima ambaye hajawahi kupanda ndege. Fedha za mwekezaji hurudishwa na abiria na mashirika ya ndege kupitia ada ambazo tayari zimo ndani ya bei ya tiketi, na ikiwa mkataba unamhakikishia kiwango fulani cha faida, abiria wakipungua ada hupanda au serikali hujazia pengo. Kwa hiyo ukurasa wa kutafuta kwanza katika mpango wowote utakaoletwa baada ya huu ni ule unaoeleza ada zitapandishwa na nani, kwa idhini ya nani, na nani atabeba hasara mwaka ambao ndege hazikuja, kama ilivyokuwa mwaka 2020.